Pancha njiani, jeki huna, wili spana huna: mwongozo kamili wa kubadili tairi kwa vitu vilivyopo

Wakuu, hili la kubadili tairi njiani bila vifaa linaulizwa kila siku na kila siku watu wanakwama palepale, kwenye kunyanyua gari. Wanaitana watu sita, wanashika bampa, moja mbili tatu, bodi inapanda kweli lakini tairi bado liko chini, mikono inachoka, gari inarudi na kuna mtu mguu wake upo karibu. Sababu ni springi. Ukinyanyua bodi, springi inajinyoosha kwanza na kuliacha tairi pale pale ardhini, mpaka bodi ipande sana ndo tairi linaanza kuachia.

Kwa hiyo nalisema mapema kabisa: kama huna jeki, usinyanyue gari, shusha ardhi. Gari unaiegemeza ikae ilivyo, halafu unachimba chini ya tairi mpaka linabaki linaning'inia. Mtu mmoja anaweza.

Hii ni kwa gari ndogo na pickup: IST, Vitz, Probox, Noah, Hilux na ndugu zao. Lori na basi usijaribu hivi, uzito wake ni mwingine kabisa.

## Vitu vya kutafuta kabla hujagusa nati

Usianze halafu ndo utafute. Kusanya kwanza:

- Spea, na uibonyeze hapohapo. Kama nayo imelala, usianze kuchimba, soma kwanza huko chini kwenye Zikitokea hizi.
- Cha kuchimbia: jembe, panga, chuma, hata kijiti kigumu na kifuniko cha sufuria cha kutolea udongo.
- Kipande cha gogo au mbao nene, au mawe BAPA. Mawe ya duara hapana. Tofali la saruji lenye matundu hapana kabisa, linabeba vizuri tu halafu linapasuka ghafla bila kukuonya.
- Mawe manne makubwa ya kuzuia matairi.
- Kabari mbili tatu za mti mgumu, chonga na panga.
- Kitu cha kufungulia nati (tutafika).
- Bomba la chuma la nusu mita hadi mita moja kama lipo.
- Matawi ya majani na triangle.

Kabla ya yote hayo angalia vizuri ndani ya gari maana gari nyingi za Japani zinakuja na jeki yake, imejificha pembeni ya buti nyuma ya kifuniko cha plastiki, au chini ya siti, au chini ya spea yenyewe. Watu wanatembea na jeki miaka hawajui kama ipo. Funua kapeti, gusa kila kifuniko.

Na simamisha watu. Lori na daladala huwa wana jeki, na nati za Toyota na Nissan nyingi ni za milimita 21, kwa hiyo spana ya mwenye Noah inaingia kwenye IST yako bila shida. Honda, Suzuki na Subaru nyingi ni 19. Mwambie mtu namba kabisa, "kaka una wili spana ya 21?", atakujibu haraka kuliko ukimwambia "nisaidie".

## Hatua ya 1: Toa gari kwenye lami

Tembeza taratibu kwa pancha hiyohiyo mpaka upate udongo wa tambarare. Ndiyo tairi litaharibika, pengine na rimu itakwaruzika, lakini rimu unanunua. Huku kwetu tunaendesha kushoto kwa hiyo pancha ya kulia inakuweka wewe mgongo upande wa magari yanayopita, hapo sogea zaidi hadi bodi nzima iwe nje ya mstari na bado ubaki na nafasi ya kuchuchumaa.

Mlimani usifanye hii kazi. Kama ni Kitonga au Sekenke, shuka au panda kwa mwendo wa kutembea mpaka pakae sawa. Gari iliyoegemea gogo kwenye mteremko inatafuta sababu tu ya kuondoka.

Na ukipata pancha ndani ya Mikumi, ile barabara inapita hifadhini kama kilomita 50, usiingie porini kukata matawi wala kutafuta mawe. Kuna tembo, nyati na simba. Kaa ndani ya gari, washa hazadi, subiri gari lingine lisimame na mfanye kazi huku mtu mmoja anaangalia nyasi. Kama tairi bado linazunguka, jikongoje nalo mpaka utoke.

## Hatua ya 2: Waonye wanaokuja

Triangle au matawi, hatua 100 nyuma na hatua 100 mbele. Hatua 20 hazisaidii kitu. Gari ya kilomita 80 kwa saa inakula mita 22 kila sekunde, yaani hizo hatua 100 zinampa dereva sekunde tatu na kidogo tu. Kama nyuma yako kuna kona, weka matawi KABLA ya kona.

Weka majani, siyo mawe. Mawe hubaki barabarani usiku na kumuua mwenye bodaboda ambaye hakuwepo wakati wewe una pancha.

## Hatua ya 3: Funga gari isitembee

Abiria wote washuke, wakae mbali na barabara. Toa na mizigo, hasa ile iliyo upande wa pancha, gunia moja la kilo 100 juu ya kona unayotaka kuichimba ni kujitesa.

Zima injini, usukani unyooke, handbreki juu, gia weka P kwa otomatiki au namba moja kwa manyuo.

Halafu weka mawe mbele na nyuma ya matairi ya upande ule mwingine. Hapa watu huruka wakidhani handbreki inatosha. Handbreki kwenye gari nyingi inashika matairi ya nyuma, kwa hiyo ukilining'iniza tairi la nyuma umebaki na moja tu. Na P nayo inashika matairi yanayovutwa na injini kupitia difu (gia zinazogawa nguvu kwa matairi mawili), moja kati ya hayo likiwa hewani difu inaliruhusu lizunguke na P haizuii tena chochote. Ndo maana mawe.

Sukuma gari kwa bega, mbele halafu nyuma. Isitikisike hata kidogo ndo uendelee.

## Hatua ya 4: Legeza nati tairi likiwa bado chini

Legeza SASA, kabla ya kuchimba. Tairi likishaning'inia litazunguka na wewe, na ile nguvu ya kulazimisha nati ndiyo inayoangusha gari kwenye gogo.

Nati unageuza kwenda kushoto. Nusu mzunguko tu kila moja, usizitoe.

Kama una spana lakini nati imegoma. Nati ya Toyota ndogo inatakiwa kufungwa kama nyutoni mita 103. Mtu wa kilo 70 akisimama mwisho wa spana ya sentimita 25 anatoa kama 170. Kwa hiyo usivute kwa mikono, weka spana mkono wake uelekee kushoto ukiwa umelala sawa na ardhi, shika gari, simama juu yake kwa mguu mmoja na ushuke polepole bila kurukaruka. Ikigoma bado, chomeka bomba kwenye mkono wa spana uongeze urefu. Kutu ikiwa nyingi, tonesha dizeli au oili kwenye maungio, gonga kichwa cha nati mara kadhaa, subiri dakika kumi, kaza kidogo kwanza ndo ulegeze. Utasikia "ta!" moja kavu, hapo imeachia.

Kama huna spana kabisa. Cha kwanza ni soketi au spana ya ringi ya 21, fundi wa trekta, wa mashine ya kusaga au wa pampu ya maji kijijini huwa nayo, mpe boda hela akaifuate. Cha pili ni spana ya bomba ya mafundi maji, ile yenye meno, inang'ata nati iliyotokeza nje vizuri lakini iliyozama ndani ya rimu ya aloi haiifikii. Plaizi ya kawaida usiipoteze muda, itakula kona za nati na hata spana halisi ikija haitashika.

Kona zikishaisha. Chukua soketi iliyo ndogo kidogo, gonga kwa nyundo mpaka ipande kwa kubana juu ya nati, ndo ugeuze. Nati ile ukifika mjini badilisha.

Kama nati moja kwenye kila tairi ni tofauti na wenzake, ina mchoro wa ajabu, hiyo ni ya kuzuia wezi na ufunguo wake huwa kwenye dashibodi au buti.

## Hatua ya 5: Jenga egemeo

Hii ndo hatua ya kuchukua muda wako wote, nyingine ni jasho tu.

Chungulia mahali pa kuegemeza. Unatafuta kitu kinachobeba tairi lenyewe, siyo bodi, ili springi isipate nafasi ya kujinyoosha:

- Mbele kwenye gari ndogo: loa amu (ule mkono wa chuma wa chini unaoshikilia tairi), karibu na tairi kadiri uwezavyo.
- Nyuma kwenye IST na wenzake: lile boriti la chuma linalounganisha matairi mawili, karibu na springi.
- Nyuma kwenye Hilux au Hiace: ekseli yenyewe (lile bomba nene la chuma linalotoka tairi hadi tairi), pembeni ya springi. Usiegemeze kwenye lile tumbo la difu, liko katikati na gari itayumba.

Usiegemeze kwenye sampo ya oili (bakuli la oili chini ya injini), tairodi (fimbo nyembamba ya usukani), shafti inayozungusha tairi wala bomba la ekzozi. Vyote hivyo vinapinda au vinapasuka.

Sasa kwangua udongo laini mpaka ufikie mgumu. Chini weka kipande kipana kuliko vyote, juu yake gogo au jiwe bapa, na gogo lilale kwa ubavu wake mpana. Sukumiza kwa kijiti au kwa mguu, kichwa na kifua visiingie chini ya gari hata sasa ambapo tairi bado limeshika. Nafasi iliyobaki juu gongea kabari mbili, moja kutoka kila upande, mpaka zisiingie tena.

Kimo kisizidi upana. Kama umepanga mawe matano juu kwa juu, bomoa uanze upya.

Limekaa sawa ukiona gogo halichezi ukilipiga teke na kabari zinalia kavu ukizigonga.

Halafu laza spea chini ya bodi, pembeni ya egemeo, nyuma kidogo ya tairi la mbele au mbele kidogo ya tairi la nyuma. Egemeo likikosea, gari itaangukia raba badala ya diski ya breki kugonga ardhi, au mkono wako.

## Hatua ya 6: Chimba

Anzia upande wa nje, unaouona. Chimba mbele ya tairi na nyuma yake, udongo ulio chini kabisa ya tairi uutoe mwisho, kidogokidogo, kwa fimbo au ncha ya panga huku umechuchumaa pembeni na siyo umepiga magoti mbele ya tairi.

Kuna dakika moja ya kuangalia kwa makini. Tairi likianza kuachia uzito unahamia kwenye gogo, utaona gogo linazama labda upana wa kidole, vumbi linachuruzika pembeni, kabari zinalia. Simama. Ondoka hatua mbili, subiri. Likizama kidogo likatulia, sawa. Likiendelea kuzama au likiinama upande mmoja, rudisha udongo chini ya tairi, sindilia, na ujenge egemeo upya kwenye kipande kipana zaidi. Ardhi iliyoloa mvua hufanya hivi mara nyingi.

Usiishie pale tairi bovu linapozunguka. Hapa wengi wanachimba mara mbili: tairi lenye pancha limelala, spea ina upepo na inahitaji kina kikubwa zaidi. Nenda sentimita 15 hadi 20 chini ya usawa wa mwanzo, panua shimo kuja upande wako ili tairi lipite, na upande wa mbele ulichonge liwe na mteremko kama njia ya kutokea.

Tosha ni hivi: tairi linazunguka kwa mkono na chini yake kiganja chako kilichosimama kinapita.

## Hatua ya 7: Toa, weka

Fungua nati, ziweke kwenye kofia au kifuniko, siyo mchangani. Acha ya juu iwe ya mwisho. Vuta tairi kwa mikono miwili chini na juu.

Likigandia kwenye hab (kile kitovu cha chuma rimu inapokaa), usilipige teke wakati gari iko kwenye gogo, tafadhali. Gonga raba kwa kipande cha mti, kushoto, kulia, juu, mapigo mafupi ya pembeni, mpaka liachie.

Likitoka tu, lisukume chini ya bodi lichukue nafasi ya spea, ndo uivute spea. Chini ya bodi pasibaki patupu hata dakika moja.

Spea ikigoma kuingia kwenye stadi (zile bolti zinazofungwa nati) usilazimishe, chimba zaidi. Ikiingia, rudisha nati kwa mkono, ule upande wake uliochongoka uangalie rimu. Zibane kwa kuruka, ya juu halafu ya chini upande wa pili, mpaka tairi likae bapa kwenye hab bila kucheza.

## Hatua ya 8: Rudisha ardhi, toa egemeo

Jaza shimo chini ya spea kwa udongo na mawe madogo, sindilia kwa mti kwa nguvu zote, jaza tena, sindilia tena, mpaka tairi lishike. Vuta lile tairi bovu kutoka chini ya bodi.

Sasa chimbua egemeo: kwa fimbo ndefu toa udongo uliopo chini ya gogo mpaka lilegee, kisha livute. Uzito utarudi kwenye tairi na gari itashuka kidogo. Usiwashe gari ukaondoka juu ya gogo, linaweza kuviringika likapasua sampo.

Gari ikishasimama kwa miguu yake yote, kaza nati kwa mwisho, kwa kuruka vilevile. Kwa spana ya sentimita 25 ni kusukuma kama unabeba kilo 40. Lile bomba ulilofungulia usilitumie hapa, ndo linalokata stadi, na stadi ikikatika njiani huna dawa.

Toa mawe ya kuzuia, toka taratibu kupitia ule mteremko. Fukia shimo. Nenda kakusanye matawi yote, ya mbele na ya nyuma.

## Zikitokea hizi

Nati zimepotea. Chomoa moja kutoka kila tairi kati ya yale matatu mengine, unapata tatu. Mwendo mdogo mpaka duka la spea la kwanza.

Spea haina upepo. Toa tairi, lipande boda likazibwe. Egemeo lako liwe imara na tairi jingine lilale chini ya bodi, na mtu abaki na gari watoto wasisogee.

Ni mwamba au lami, hakuna pa kuchimba, na tairi haliendi tena. Kwa ekseli ya nyuma unaweza kutumia mti imara wa mita 3, egemeo lake likiwa sentimita 30 kutoka mwisho wa upande wa gari. Hapo nguvu yako inazidishwa mara tisa, kona ya kilo 300 unaibeba kwa kama kilo 35, ila kunyanyua sentimita 15 inabidi ushushe mti kama mita moja na sentimita 35. Wawili wakalie mti, wa tatu asukumize gogo chini ya ekseli kwa fimbo, siyo kwa mkono. Anayekalia mti haachii mpaka aambiwe kwa sauti, na hakuna kichwa kinachokaa juu ya ule mti, ukiponyoka unaruka na kuvunja taya.

Umepata jeki ya lori, haiingii. Ichimbie shimo lake, chini weka mbao isizame. Na bado weka gogo, jeki inanyanyua, haikushikilii gari.

## Ukishaondoka

Kama spea ni ile nyembamba, mwisho ni kilomita 80 kwa saa na upepo wake ni psi 60, siyo 30 kama mengine. Baada ya kilomita 10 simama, shika nati kwa mkono uone kama kuna iliyolegea au yenye joto kuliko wenzake, kaza. Rudia tena ukifika kilomita 50.

Kwa fundi pancha mwambie aangalie na ukuta wa ndani wa lile tairi bovu kabla hajaliziba, tairi lililotembezwa bila upepo huchanika kwa ndani na nje likabaki zuri. Akiona unga mweusi wa raba ndani, hilo halizibwi tena.

Na ukiwa hapo hapo mjini nunua wili spana ya 21, kipande cha bomba cha sentimita 60 kinachoingia kwenye mkono wake, na ubao wa futi moja kwa futi moja. Weka kwenye buti pamoja na jeki, na ujazwe upepo kwenye spea kabla hujalipa.